Sauti Niliyompa Fuko

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, kwenye meza ya mama ya kupigia pasi,
Jumamosi, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mke wako hajambo? Na binti yangu je, bado hakubali kufumba macho mpaka asomewe kitabu kile kile mara tatu? Mwambie shangazi yake anamuulizia, na jino lililong'oka asilitupe kabla sijaliona kwenye picha. Natumaini kazini wamekubadilishia ile meza iliyokuwa ikikuumiza mgongo. Kama hawajabadilisha, weka mto, usijifanye jabali.

Sisi huku ni wazima. Mama naye mzima, ila goti la kushoto linamsumbua kila akipanda ngazi. Ukimwambia akae chini anauliza kazi atafanya nani, halafu ananitazama kwa jicho lile unalolijua. Jikoni hakuvuji tena. Mimi nimeongezeka unene kidogo, na nakuomba usiulize kidogo kiasi gani.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Jirani yetu muuguzi, yule anayefanya kazi huko kwenu, amemaliza likizo yake na anaondoka kesho. Ameniahidi kukukabidhi barua hii mkononi Jumatatu jioni. Ningeweza kukutumia ujumbe, lakini kwenye simu ningefupisha, na jambo hili nikilifupisha nitalipaka rangi. Kupigiana nako hatupigiani, wewe na mimi, tangu uondoke miaka tisa iliyopita. Unaandika, nami najibu. Sijawahi kukuuliza kwa nini, kwa sababu nilidhani najua.

Nimeshasimama mara mbili tangu nianze ukurasa huu. Nimekwenda kuchungulia barabarani, hakuna kitu barabarani. Nimerudi. Tuendelee.

Unamkumbuka fuko wetu? Swali la kipuuzi. Mwanao mwenyewe anacheza gemu lake kwenye simu ya mama yake, mliniambia. Yule yule fuko mwenye miwani, anayechimba chini ya mji kutafuta taa zilizopotea huku panya wakimkimbiza. Wamemfanyia filamu. Katuni ndefu ya saa moja na nusu, ya kutazamwa na familia nzima, babu mpaka mjukuu. Mwezi ujao inaingia kwenye kumbi za sinema, tena ikiwa na sauti za lugha yetu. Na fuko mwenyewe, mdogo wangu, ni mimi.

Usinipongeze bado.

Unazijua kazi zangu. Mimi ndiye ninayewahakikishia watu redioni kwamba sabuni fulani ina povu jingi. Mimi ndiye ninayesema "mlango unafungwa" kwenye lifti ya hospitali kuu. Mama akienda kliniki hunijibu mle ndani, "Haya, nimesikia," na watu humpisha. Kwa mtu kama mimi, kupewa mhusika mkuu wa filamu ni jambo la kuvimba kichwa, na kwa wiki tano nilivimba kweli kweli.

Acha nikueleze kazi ilivyo, vinginevyo hutaelewa nilivyoharibu. Unasimama peke yako ndani ya chumba kidogo ambacho kuta zake zimebandikwa sponji, hedifoni masikioni, skrini mbele yako. Feni haiwashwi kwa sababu inasikika. Saa ya mkononi unavua. Unakula kabla ya kuingia hata kama huna njaa, tumbo lisije likanguruma katikati ya sentensi. La kwangu lilinguruma siku ya pili na fundi sauti akauliza kama panya wameshafika. Fuko akifungua mdomo kwenye skrini, unasema. Akifunga, uwe umemaliza. Maneno yakizidi umeharibu. Yakipungua umeharibu vilevile, maana mdomo wake unabaki unachezacheza bila sauti kama mtu anayetafuna.

Sasa huyu fuko wa filamu wamemchora na tabia moja. Kabla hajasema neno lolote, mdomo wake unatetemeka mara tatu, mara nne. Waliomtengeneza wenyewe sijui walijaza nini hapo. Kwenye karatasi zetu palikuwa patupu. Siku ya majaribio tulikuja watu thelathini na kitu, na kila mtu alijikwaa hapo hapo. Huyu alikohoa, yule aliguna. Bwana mmoja mnene anayeuza bima alipiga chafya ya uongo ambayo ilimletea chafya ya kweli. Yeye ndiye panya mkuu sasa, na anafaa.

Zamu yangu ilipofika nikajaza lile pengo. Nikasema, "T-t-t-twende. Ta-ta-taa ziko huku."

Ndiyo. Umesoma vizuri.

Mwongozaji alicheka mpaka akalalia meza. Akagonga kioo kwa kalamu, akaniambia nisibadilishe hata chembe, fuko amepatikana. Kigugumizi kilijaa kwenye mtetemeko wa ule mdomo kana kwamba walichora kwa ajili yake. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi kama msichana wa miaka kumi.

Nataka uniamini hapa, ingawa sina haki ya kudai. Sikukusudia kukucheka. Kichwani mwangu nilikuwa sebuleni kwetu, mbele ya TV ile iliyokuwa ikigeuza kila kitu kijani. Rimoti ya gemu ilikuwa moja, na kwa kuwa mimi ni mkubwa na nilikuwa na roho mbaya, niliishika mimi tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe ukajitafutia kazi. Fuko wa gemu alikuwa hana maneno, alikuwa analia tu, kwi kwi, basi wewe ukawa unamsemea. Unawatukana panya, unaziomba radhi kuta kabla sijazichimba, unalalamika kwamba dereva wako, yaani mimi, hajui kushoto na kulia. Nilijiambia ninamrudisha fuko wako duniani. Nilidhani ni zawadi. Nilipanga nisikwambie kitu, umpeleke mwanao sinema, mkae kwenye viti vyenu, halafu ghafla umsikie.

Nimerekodi mistari mia mbili na kumi na nne. Yote inakwama.

Jumapili iliyopita nikamsikilizisha mama kipande kwenye simu. Alikuwa hapa hapa, kwenye meza hii, anapiga pasi mashuka. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kwa niaba yake. Mama aliiweka pasi pembeni, kisha akaizima kabisa, na unajua mama hazimi pasi iliyokwisha kupata moto.

"Unamcheka mdogo wako mpaka leo?"

Nikaruka. Nikamwambia mama, wewe umesahau, huyu ni fuko wake, ndivyo alivyokuwa akimsemea. Tukabishana. Nilitaja gemu, nilitaja TV, nilitaja hata zulia. Mama alisubiri nimalize.

"Mtoto yule akiwa fuko hakukwama hata siku moja," akasema. "Alikwama kwangu. Alikwama kwa marehemu baba yenu. Dukani alikuwa anaonyesha kwa kidole. Lakini akikaa kwenye ile TV, maneno yanatoka yote, yamenyooka. Wewe unadhani nilikuwa napigia pasi sebuleni kwa nini? Nilikuwa napiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo, mwanangu, nipate kumsikiliza."

Nilifungua mdomo nibishe tena, na hapo ndipo nilipokumbuka ile sauti ilikotoka. Haikutoka sebuleni.

Ilitoka kwenye bomba la maji la shule. Mimi darasa la saba, wewe la tatu. Walikuwepo wasichana wanne ambao nilitamani wanipende kuliko nilivyotamani kitu chochote mwaka ule. Nikawaigizia fuko. Nikamtilia kigugumizi chako, cha mezani, cha dukani, kile ambacho fuko hakuwahi kuwa nacho. Wakacheka. Nikarudia, wakacheka zaidi, mmoja akanishika bega. Nilipogeuka ulikuwa umesimama na kikombe chako. Hukulia, hukunisema kwa mama. Ulikinga maji, ukanywa, ukaondoka.

Jioni ile niliwasha TV, ukaja ukakaa palepale unapokaa, na hukusema neno. Nilichimba peke yangu. Kesho yake vivyo hivyo. Fuko akarudi kulia kwi kwi, nami nikadhani umekua, umechoka na mambo ya kitoto. Ulikuwa na miaka tisa.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima na sipati pa kuliweka. Nilikudhihaki mara moja, halafu nikaisahau dhihaka na kuihifadhi kama kumbukumbu nzuri. Miaka yote hii, nikikukumbuka kwa upendo, nilikuwa nakumbuka uigizaji wangu mwenyewe. Nisamehe. Sina neno zuri zaidi ya hilo na sitalitafuta.

Nimesimama tena. Nimemimina chai, nimeisahau jikoni.

Lililobaki ndilo linaloninyima raha, maana bado halijaisha. Filamu hii ikitoka kama ilivyo, watoto wote watamuiga fuko. Watakwama kwa makusudi uwanjani ili wenzao wacheke, na kila shule ina mtoto mmoja ambaye hakwami kwa makusudi. Mwanao atakwenda kumwona fuko wake. Ukumbi mzima utaangua kicheko kila mara fuko anapotafuta neno. Halafu atageuka akutazame wewe.

Jumatatu nilimvamia mwongozaji kabla hajavua koti. Nikamwambia nataka kurekodi upya, yote. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamweleza, si yote, lakini kiasi cha kutosha kunitia aibu. Si mtu mbaya, usimchukie.

"Dada, watu watacheka," akasema. "Si ndiyo kazi tuliyopewa?"

Fundi sauti, ambaye huwa hasemi kitu zaidi ya "tayari", akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye hajacheka hata mara moja tangu tuanze. Mwongozaji akamtazama, akanitazama mimi, akakuna shingo. Nikamtishia kwamba nitajitoa. Akanikumbusha kwa upole kwamba sauti ameshazirekodi na karatasi nimeshatia sahihi, nijitoe nisijitoe fuko anaye. Mwisho akanipa Jumatano saa mbili asubuhi, nijaribu.

Jumatano nilijaribu. Niliondoa kigugumizi chote, nikasema kila neno sawasawa, na nikasikika kama lifti ya hospitali. Kuna pale fuko anapompata mama yake aliyepotea, anamwambia kwamba amemtafuta chini ya mji mzima, na wewe unaona kabisa kinachofuata ni "mlango unafungwa". Na lile pengo la mdomo likarudi, linatetemeka, tupu. Nikajaza pumzi, ikawa fuko mwenye pumu. Nikajaza kicheko, ikawa fuko mlevi. Baada ya saa tatu mwongozaji alikuwa ameshika kichwa. Alisema fuko amekufa mikononi mwangu. Ameniongezea mpaka Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi. Nikimletea fuko mwenye uhai, atamchukua. Nisipomleta, anamrudisha yule wa kwanza, kwa sababu filamu haiwezi kuningoja.

Tangu siku hiyo natembea nyumba nzima nikijisemesha. Mama anasema nikiendelea ataniandalia kitanda huko huko hospitali kwenye lifti yangu. Namtafuta fuko wako. Nakumbuka vidole vyako vya miguu vikikunja ncha ya zulia. Nakumbuka ulivyokuwa ukipiga goti langu nikikosea njia. Nakumbuka matusi yako kwa panya, mojawapo lilikuwa "enyi wenye mikia ya soksi", na mpaka leo sielewi lilitoka wapi. Lakini sauti siikumbuki. Sijui ulianzaje. Fuko alikuwa akivuta pumzi kwanza? Alikuwa anaongea puani? Nimemuuliza mama, anasema hakumbuki sauti ilivyokuwa, anakumbuka furaha yake tu. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na wewe kwa miaka miwili, mtu pekee duniani aliyekuwa na tiketi ya kukusikia ukisema bila kukwama, na nilikuwa naangalia panya.

Sasa nakuja kwenye ombi, na nimelizunguka vya kutosha. Naomba unipigie simu. Usiniandikie, unipigie. Jumanne au Jumatano, wakati wowote, simu nitalala nayo mkononi. Unisemee fuko, hata kwa dakika moja. Huenda hayupo tena. Huenda nilimfukuza kabisa siku ile pale bombani. Kama hayupo niambie hivyo, nitaelewa, nitarudi kwa mwongozaji nimpigie magoti au nimwagie chai mitambo yake, lolote litakalofanya kazi. Na kama hutaki kunipigia kabisa, pia nitaelewa. Lakini nakuomba.

Sitakurekodi. Hakuna atakayekusikia isipokuwa mimi, na mama kama ukimruhusu. Ukikwama, kwama. Sitaki fuko tu, usije ukadhani hivyo. Nataka hata ile salamu ya kawaida unayoanza nayo.

Mama anakusalimu sana, anasema ule, na amemshonea mjukuu wake sketi mbili ambazo muuguzi ataleta pamoja na barua hii. Mjomba fundi saa anakusalimu na bado anadai ulimharibia saa ya ukutani mwaka ule, mimi nikiwa shahidi kwamba ni yeye mwenyewe. Binamu kinyozi amepata mtoto wa pili, wa kike, anasema umtafutie jina. Msalimie mke wako, mwambie simsahau. Mbusu binti yangu kwenye lile pengo la jino. Mwenyezi Mungu awalinde nyote watatu, aibariki kazi ya mikono yako, na atujalie tuonane kabla mama hajakata tamaa na goti lake.

Nilikuwa nimeshafika mwisho, nimekunja karatasi, nimeikunjua tena. Kuna jambo moja ambalo sijawahi kukuomba radhi kwa sababu siku zote nililiona ni wema. Kila ulipoanza neno, nilikumalizia. Kwa daktari nilikumalizia. Dukani, kwenye usaili wako wa kwanza wa kazi pale mlangoni, kwa simu na shangazi. Siku ulipomleta mke wako nyumbani, ukasimama mbele ya watu wote, ukaanza kumtaja jina, na mimi nikalitaja kabla hujalifikia. Watu wakapiga makofi. Wewe ulitazama chini. Lilikuwa jina la mke wako, mdogo wangu, na nilikunyang'anya. Basi ukinipigia, nitapokea na kusema "haloo" moja tu. Baada ya hapo nitanyamaza. Usidhani simu imekatika. Nitakuwa nasikiliza, hata ikichukua saa nzima, mpaka umalize mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikusubiriye.